Udongo Uliotoka Jomba

Watu wa Goma wakienda kwao kijijini wanarudi na maharagwe, na ndizi, na kuku aliyefungwa miguu. Donatille alirudi na udongo.

Sitanii. Mimi ni jirani yake tangu mwaka wa 2009, ukuta wangu na wake ni mmoja, na nimeona kwa macho yangu gunia likishushwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mbele ya mlango wake, mwenye chukudu akijifuta jasho na kuuliza kama amebeba simenti. Akaambiwa ni udongo. Alidhani anachezewa. Alifungua gunia, akatia mkono, akautoa mweusi, akamtazama yule mama kama mtu anayemtazama mgonjwa, kisha akasukuma chukudu yake akaenda zake.

Anayetaka kuelewa lazima kwanza ajue tunakoishi. Mtaa wetu ni Kyeshero, upande unaoteremka kwenda Kituku, kwenye mitumbwi na soko la samaki. Chini ya miguu yetu ni mawe ya volkano, meusi na makali, yanayomaliza viatu vya mtoto kwa mwezi mmoja. Ukitaka kuchimba choo unaita wanaume wenye nyundo. Ukitaka kupanda mboga unaleta udongo kutoka mahali pengine, au unanyamaza na kwenda sokoni. Mimi Kahambu ni mtu wa Butembo, nimezaliwa kwenye udongo ambao jembe linauingia lenyewe. Nilipoona mawe haya nilinyamaza nikaenda sokoni. Donatille hakunyamaza.

Yeye ni wa Jomba, huko Rutshuru, si mbali na Bunagana. Alipoolewa na kuletwa Goma alikuta parseli ya mumewe, kiwanja chote, ni jiwe tupu. Mara ya kwanza aliporudi kwao kusalimia, mama yake alimuuliza anataka kubeba nini. Akasema udongo. Mama yake alicheka mpaka akakaa chini, kisha akachukua jembe akamchotea kwenye shamba lake la maharagwe. Tangu siku ile kila safari ilikuwa gunia moja. Kwenye vizuizi vya barabarani askari walichoma gunia kwa vyuma wakitafuta wanachokijua wao, na chuma kikatoka na udongo. Mumewe alikufa, watoto wakaolewa, magunia yakaendelea. Gunia la mwisho lilikuja mwaka mama yake alipozikwa. Baada ya hapo barabara ikawa mambo ya vita, na Jomba ikawa mahali pa kuuliziwa habari kwa simu.

Miaka ishirini na sita, basi. Alipasua mawe, akajenga kuta za kufika magotini, akamwaga udongo ndani. Hatua nane kwa kumi na mbili. Nimezihesabu mwenyewe siku ambayo nilikuwa sina kazi. Humo mlitoka maharagwe, vitunguu vya majani, sombe ya majani ya muhogo, na zaidi ya yote lenga-lenga, ile mboga ambayo Waswahili wa pwani wanaiita mchicha. Chema chajiuza. Donatille hakuwahi kukaa sokoni. Wanawake walimfuata mlangoni.

Nilipohamia aliniletea beseni la udongo wake, zawadi ya kunikaribisha. Nilitegemea sahani ya chakula, nikapewa udongo. Nilicheka, Mungu anisamehe, lakini nilipanda poiro ndani yake, jamii ya vitunguu, na mpaka leo ninakata majani yake kutia katika supu.

Alikuwa na tabia moja. Kila asubuhi, kabla ya kuzungumza na mtu, alichota udongo kidogo, akaunusa. Kama mimi ninavyonusa maziwa. Alisema udongo mzima unanuka mvua hata siku ya jua. Nilimtania kwamba siku moja ataolewa nao.

Sasa niseme juu ya mlima, kwa sababu bila mlima kosa lake halieleweki.

Mtu wa Goma analala na volkano kichwani kwake. Mlima ukitema moshi, asubuhi unakuta vumbi jeusi kwenye mabati, kwenye nguo ulizosahau kuanua, kwenye majani ya mboga. Majani yanaungua, yanatoka madoa meupe kama yamemwagiwa maji ya betri. Mgeni angelia. Sisi hatulii. Tunatikisa majani, tunayaosha, tunangoja. Msimu huo unapotea, lakini msimu wa pili na wa tatu viazi vinanenepa, kwa maana vumbi la mlima ni mbolea. Mwaka wa 2021, mlima ulipolipuka tukakimbia sote kwenda Sake, Donatille alirudi akakuta bustani imefunikwa majivu. Aliyachanganya na udongo kwa mikono yake. Mwaka uliofuata alivuna lenga-lenga yenye majani mapana kuliko uso wa mtoto. Kwa hiyo mtu asimwite mjinga. Alijua alichokuwa anajua, na kilikuwa kweli, ila kilikuwa kweli ya mlima.

Byiringiro alikuja miaka miwili iliyopita. Alikodi parseli iliyo juu ya Donatille, akazungusha mabati, akaanza kuyeyusha betri. Betri za magari, za pikipiki, na hizi za sola ambazo siku hizi kila nyumba inazo na kila nyumba inazitupa. Ndani ya betri mna madini mazito, plomb, yaani risasi. Alimimina plomb katika vipande vidogo akawauzia wavuvi wa Kituku watie uzito kwenye nyavu, na vipande vikubwa vikaenda mbali. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia kwa adabu, alitufungia redio yake wakati wa misa, alinunua lenga-lenga kwa Donatille kama sisi wote. Mitungi ya moto ilifuka mchana, na maji ya ndani ya betri aliyamwaga nyuma ya mabati, kwenye mawe. Mawe ya volkano yana matundu. Kila kinachomwagwa juu kinatafuta njia ya kwenda chini, na chini palikuwa pa Donatille.

Msimu wa kwanza majani ya maharagwe yaliungua kwenye ncha. Nilikuwa ninaanika nguo, akaniita kwa juu ya ukuta.

"Mwalimu, uko naona? Mulima inatema tena."

Niliinua macho. Kweli mlima ulikuwa na moshi wake, kama siku nyingi. "Njo vile," nilimjibu, "pole."

"Itapita. Mulima inachomaka kwanza, kiisha inalipa."

Akatikisa majani, akayaosha, akangoja. Juu ya kuta zake palikuwa na vumbi jeusi, na nyuma ya mabati ya Byiringiro palikuwa na lundo la vumbi hilohilo, masalio ya mitungi yake, jeusi zuri, laini. Donatille aliliona lundo lile kama mimi ningeona nyama inatupwa. Alienda kuomba.

"Chukua tu, mama," Byiringiro akamwambia. "Nilikuwa natafuta mutu wa kunitolea huu muzigo. Ni majivu tu."

Alibeba ndoo kumi na nane kwa wiki moja. Kwa mikono yake miwili, kichwani, akipita kwenye mlango wangu. Siku ya tatu nilimpokea ndoo ili nimpumzishe, na kidogo inivunje bega. Majivu ya mlima ni mepesi, yanapeperuka. Haya yalikuwa mazito kama ndoo ya misumari. Nilijiuliza majivu gani haya. Nilijiuliza kwa kinywa kilichofungwa, nikamrudishia ndoo, nikarudi kwenye supu yangu. Miaka thelathini na moja nilifundisha watoto kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu analala nyumbani kwangu mpaka sasa.

Aliyachanganya na udongo wa mama yake, kiganja kwa kiganja, kwa upendo. Akapanda.

Maharagwe yalitoka mafupi, rangi ya njano, yakakaa hivyo kama watoto waliokatazwa kukua. Nyanya zilitoa maua, maua yakaanguka. Aling'oa shina moja la haragwe akaniletea. Shina la haragwe zima lina vifundo vidogo kwenye mizizi, kama shanga. Ndivyo linavyolisha udongo. Hili lilikuwa na mizizi yenye upara. Nyungunyungu walikuwa hawaonekani tena, hata baada ya mvua, na kuku wangu walioruka ukuta kila asubuhi kuwatafuta waliacha kuruka. Asubuhi moja nilimwona amechuchumaa na udongo kiganjani, ananusa, anarudia kunusa.

"Inanuka nini?" nilimuuliza.

"Inanuka funguo," akasema. "Ile ya chuma, ukiishikaka sana."

Hapo ndipo alipomwita Damien, mtoto wa dada yake, agronome, mtaalamu wa kilimo. Damien alikuja na vijifuko vya plastiki, akachota udongo pembe nne na katikati, akauliza maswali mengi, akaangalia juu kwenye mabati ya Byiringiro kwa muda mrefu. Alisema atapeleka kwenye laboratwari, maabara ya kupima udongo upande wa pili wa mpaka, na kwamba itachukua wiki tano au sita. Akamwambia asipande kitu.

Nani amewahi kumwambia mwanamke wa Jomba asipande kitu? Wiki ya kwanza alitii. Wiki ya pili alisema mbegu ya lenga-lenga ni ndogo, haiwezi kuitwa kupanda. Akaitupia bustanini. Na lenga-lenga ikatoka.

Ilitoka, ndugu yangu, kama haijawahi kutoka. Mashina manene, majani mapana, kijani cha kupendeza macho. Mimi mwenyewe nilifurahi. Donatille aliimba ndani ya bustani nyimbo za Kinyarwanda ambazo sikuwa nimemsikia akiziimba tangu msiba wa mama yake. "Si nilikuambia?" aliniambia kwa juu ya ukuta. "Imelipa." Damien alipopita siku moja kuangalia, alikata matawi machache, akayatia mfukoni mwake, akayapeleka nayo laboratwari.

Wakati huohuo likaja neno kutoka kwa Masera Dative, mtawa aliye mkuu wa maternelle, shule ya watoto wadogo iliyo juu ya barabara. Tangu zamani alinunua lenga-lenga kwa Donatille mara moja moja, hata msimu ule wa maharagwe mafupi. Sasa mboga za Masisi zilikuwa hazifiki kila wiki, na alikuwa na watoto mia moja na arobaini wa kuwapa chakula cha mchana, wengine hawali kingine mpaka kesho yake. Alimwomba Donatille ampelekee lenga-lenga kila siku ya shule, mwaka mzima, kuanzia Jumatatu. Bustani nzima, Masera akasema, usimuuzie mwingine. Donatille alikuja kuniambia amevaa kitenge cha kwenda kanisani. Umri wa miaka sitini na mbili, mjane, na ghafla yeye ndiye wa kulisha shule. Alitaka nimwandikie kwenye karatasi siku na mafungu. Nikamwandikia.

Damien akaja Jumamosi.

Tulikuwa watatu, tumekaa kwenye ukuta wa bustani. Alikuwa na karatasi mbili na hakuzifungua. Alizishika tu.

"Mama mudogo," alisema, "hii haikuwa mulima."

"Ni nini?"

"Ni betri. Udongo yako imejaa plomb. Na ile maji ya betri imefanya udongo iwe mukali, njo inasaidia plomb kuingia ndani ya mizizi."

Donatille aliitazama lenga-lenga yake. Kisha alimtazama Damien kwa jicho la mama anayeona mtoto amekosea hesabu. "Maharagwe ilikufa, nakubali. Lakini angalia hii. Kama udongo ni mubaya, juu ya nini inamea hivi?"

"Maharagwe haikuweza, ikakufa. Lenga-lenga inaweza. Inakunywa plomb, inaiweka ndani ya majani, haionyeshe kitu. Nilipima na majani pia."

"Nikiosha muzuri?"

"Maji inatoa vumbi ya juu. Ya ndani haitoke."

"Nikipika sana?"

"Hata upike mpaka kesho, mama mudogo."

Upande wa juu Byiringiro alikuwa anagonga betri kwa shoka. Tulisikia kila pigo. Mimi ndiye niliyeuliza inamfanyia mtu nini. Damien alisema mtu mzima inamla polepole. Mtoto mdogo ndiye inayempata haraka, inaingia kwenye mifupa na kwenye kichwa, anakuwa mzito wa kushika masomo, na hakuna anayejua kwa nini. Nimekuwa na watoto wazito darasani, wengi, na nimewaita majina ambayo leo siyarudii.

"Batoto ya Masera," Donatille akasema.

"Ndiyo."

"Walishakula. Si hii. Ile ya mwezi wa tano na wa sita. Nilikuwa nimeshatia majivu."

Damien hakuwa amejua hilo. Aliinamisha kichwa.

Nilifikiri atalia. Nilijiandaa kabisa, nilikuwa na leso. Yeye aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri, akaingia bustanini, akaanza kung'oa. Aling'oa kwa mstari, kama anavyopanda, bila haraka, akikung'uta udongo wa kila shina ili usitoke nje ya ukuta. Nikavua viatu nikaingia pia. Damien alitupa mifuko ya plastiki tuvae mikononi.

Katika mtaa wetu huwezi kung'oa bustani nzima ya lenga-lenga mchana watu wasikuone. Kwanza walisimama watatu barabarani, kisha kumi. Kisha akaja Charline, anayeuza samaki na mboga kule Kituku, mwanamke mwenye mdomo na moyo, vyote vikubwa. Aliona lundo lile la kijani akashika kichwa.

"Mama Donatille, umerogwa? Chakula yote hii?"

"Ina sumu, Charline. Usiguse."

"Sumu gani? Iko muzuri hivi!" Akaja karibu, akashusha sauti, lakini masikio yangu bado ni ya mwalimu. "Kama hautaki kuuzia batu ya hapa, nipe miye. Nitapeleka mbali. Hakuna mwenye atakujua."

Donatille aliacha kung'oa. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumsikia akipaza sauti, na hakuipaza sana.

"Mbali ni wapi? Kule mbali hakuna batoto?"

Charline alikaa juu ya lile lundo, kwa mwili wake wote, na kila aliyenyoosha mkono kuchukua fungu alimfukuza kwa matusi ya soko la samaki. Alikaa hapo mpaka jioni. Watu walikuwa na njaa, si kwamba walikuwa wabaya. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alituambia tuna roho mbaya, tunatupa chakula mbele ya maskini. Donatille alimweleza mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda. Aliondoka bila kuamini. Huyo ndiye aliyemuumiza kuliko wote.

Jumatatu asubuhi, saa ambayo angepeleka mafungu ya kwanza, alikwenda kwa Masera na mikono mitupu. Aliniomba nimsindikize na nikadhani ni kwa sababu ya maneno ya Kifaransa, plomb na laboratwari. Hakuhitaji neno langu hata moja. Alisimama mbele ya meza, nyuma yake watoto wanaimba wimbo wa siku za juma, akasema, "Masera, nilikuletea mubaya. Sikujua, lakini ni miye nilileta. Batoto bapimwe damu."

Masera Dative ni mtu asiyekawia kusema. Aliuliza ni miezi gani, ni mara ngapi, akaandika. Kisha akamwambia akae, akamwagizia chai, na mimi nikasahauliwa kabisa nikasimama mlangoni. Watoto walipimwa, wale waliokula mara nyingi. Watatu damu yao haikuwa nzuri. Daktari alisema wameacha mapema, damu itajisafisha, mifupa itachukua muda, wapewe maziwa na mayai na wafuatiliwe. Donatille alinunua kuku watano wa mayai. Tangu hapo anapeleka mayai kila asubuhi kwa watoto wale watatu, na majina yao anayajua kama ya wajukuu wake.

Byiringiro alipoambiwa alikasirika kwanza. "Nilikupa bure, mama, sasa unaniletea kesi?" Donatille alimwambia hakuleta kesi, ameleta habari. Akamwuliza watoto wake wanacheza wapi. Wanacheza palepale, kwenye lundo la majivu. Nilimwona anageuka kuangalia lundo lile kama ndio limeletwa dakika ile na watu asiowajua. Baada ya wiki tatu alihama na mitungi yake, nje ya mji. Wenzangu wanamsifu. Mimi nasubiri kujua nani ana bustani chini yake huko aliko.

Ukabaki udongo.

Damien alieleza kwamba hauwezi kuoshwa. Hauwezi kutupwa, kwa maana huku kwetu udongo mweusi hauendi jalalani. Ukiuweka barabarani jioni, asubuhi uko kwenye bustani ya mtu. Ziwani usiseme, ndiko tunakochota maji na samaki. Njia aliyoiona ni kuufunika hapohapo, ule ulio kwenye parseli, pamoja na lenga-lenga yote tuliyong'oa, mawe juu yake, na simenti juu ya mawe, ili mvua isiingie na mtu asichimbe. Byiringiro alituma mifuko ya simenti. Hakuja mwenyewe.

Usiku kabla ya kazi sikulala vizuri nikafikiria lile beseni. Asubuhi nilimwomba Damien apime udongo wake. Alikuwa ameshapima, mtu huyu ni mwerevu kuliko nilivyodhani, alichota siku ile alipochota kwingine. Ulikuwa safi. Udongo wa mwaka wa 2009, wakati Byiringiro hajaja. Nilibeba beseni na poiro zake nikampelekea Donatille. Ndiyo Jomba yote iliyobaki, nikamwambia, chukua.

Alitia kidole, akanusa. Alinusa mara nyingi. Niliona machozi ambayo leso yangu iliyangoja tangu Jumamosi ile.

"Weka kwako, Mwalimu," akasema. "Miye mikono yangu ina haraka. Unipatie tu kunusa."

Kwa hiyo sasa anakuja kwangu asubuhi. Ananusa, anasalimia, anaenda kwenye kuku wake.

Siku ya simenti fundi alimaliza saa nane mchana. Hatua nane kwa kumi na mbili, kijivu, sawa kama meza. Tulisimama pembeni. Donatille aliniletea msumari mrefu.

"Andika kabla haijakauka. Andika batu basipande hapa."

Nilipiga magoti juu ya ubao, nikaandika kwa herufi kubwa: HAPA USICHIMBE, USIPANDE. CHINI KUNA PLOMB YA BETRI. Nikamsomea. Alitikisa kichwa.

"Haijaisha. Weka jina yangu. Andika: ni Donatille alitia."

"Dona, hukujua. Kama ni majina, mimi ningeanza na la Byiringiro."

"Byiringiro aliweka inje. Mwenye kuingiza ni miye."

"Hakuna anayekudai jina lako hapa."

"Andika, Mwalimu, inakauka." Alikuwa anaangalia mlima, uliokuwa na moshi wake kama siku zote. "Siku moja tutakuwa tumekufa. Batu batavunja hapa, bataona udongo mweusi, batafurahi, batapanda. Mimea ikiungua, batasema ni mulima."

Nikaandika jina lake. Chini yake, kwa hasira yangu mwenyewe, nikaandika la Byiringiro, na nikabaki na msumari mkononi. Mtu aliyebeba ndoo ile begani akajua ni nzito alikuwa mimi. Simenti ilikuwa bado laini kidogo pembeni. Nikaandika na langu.